Ndege Juu ya Kuni za Msiba Wangu

Watu husema mgonjwa mzee haambiwi ukweli, eti atavunjika moyo. Mimi nimeharibikiwa na vitu vingi tangu niugue, mishipa, kucha, meno mawili, usingizi, lakini ukweli haukunivunja. Kilichonivunja moyo ni watoto wangu kunong'ona jikoni wakidhani nimelala. Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili ya mama yeyote aliyekaa leo kwenye benchi la hospitali na kitambaa kichwani, huku mwanawe na daktari wamesimama pembeni wamempa mgongo. Mama, inuka. Nenda ukasimame katikati yao, hata kama miguu inatetemeka.

Mimi naitwa Perusi Nyafuru. Ni Mjita. Nilizaliwa Majita, nikaolewa huko huko, na baada ya mume wangu kufariki nikaja kuzeekea hapa Buswelu kwa mwanangu Majura na mkewe Pendo. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma kwangu ni kwa kusukuma sukuma, lakini jina la mtu likishaingia kwangu halitoki. Wakunga wote walionizalisha nawakumbuka kwa majina, na waliofariki ni wengi kuliko walio hai. Nasema hili ili mjue kichwa changu kilikuwa kizima siku zote. Ugonjwa ulikuwa kwenye titi.

Uvimbe niliuona mwenyewe nikioga, ziwa la kushoto. Ulianza kama njegere, na kufikia Pasaka ulikuwa kama ndimu. Kiangazi chote kikaishia kwenye mabenchi. Mara njoo upigwe picha, mara njoo ukatwe kinyama kidogo kikapimwe, mara rudi, majibu hayajafika. Nilijua kila benchi lina mguu gani mbovu. Nesi Leokadia ndiye aliyekuwa akiita majina, na kila aliyeitwa nilimweka moyoni: Mzee Lubango wa Magu, Mariamu wa Sengerema, Ester aliyekuja na mtoto mgongoni.

Siku ya majibu, Daktari Kulwa, kijana mpole tu, alitoka na karatasi mkononi. Macho yake yalipita juu yangu kama mtu anayepita juu ya dimbwi, yakatua kwa Majura. Akamwita pembeni. Nilimwona mwanangu kwa nyuma. Mgongo wa mtoto uliyembeba haukudanganyi, na ule mgongo ulishuka. Aliporudi akasema ni uvimbe wa kawaida, nitawekewa dripu chache, utakwisha. Akaninunulia soda. Nilikuwa sijaomba soda.

Dripu ya kwanza ilikuja na mvua za vuli. Chumba kile kina viti vikubwa vya kuegemea, na kila aliyekaa alikuwa amefunga kichwa, hata wanaume. Kiti cha jirani yangu alikaa Bi Zuhura, mwanamke wa Mkuyuni, muuza vitenge, mwenye sauti ya kuuza vitenge. Akanikaribisha, akaniuliza naumwa nini. Nikamjibu kama nilivyojibiwa: uvimbe wa kawaida. Akaweka chini chupa yake ya chai.

"Dada, humu hakuna mwenye uvimbe wa kawaida. Humu wote ni kansa. Wewe umeambiwa na nani?"

"Na mwanangu."

"Anakupenda," akasema. "Lakini dawa haingii kwenye mshipa wake."

Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, nikaiangalia inavyoshuka tone kwa tone hadi ikaisha. Zuhura hakunibembeleza. Alinimiminia chai, akanipa pilipili mtama nitafune eti inazuia kichefuchefu. Haikuzuia. Ila nilijua jina la kilichonishika, na nilikuwa nimelijua kwa mtu nisiyemjua, siyo kwa niliyemzaa. Nikasema moyoni, nitamngoja Majura aniambie mwenyewe. Nimngoje tu.

Sasa niwaambie wenzangu mnaoanza: dripu haiumi siku ile. Inakuja kukukuta nyumbani. Mdomo ukawa kama nimelamba msumari. Nywele zikatoka na kitana, shuka na mto vikawa na nywele zangu nyingi kuliko kichwa. Kucha zikawa nyeusi kama za fundi gereji. Na mimi, mtoto wa ziwani, niliyekula sato na furu tangu sina meno, harufu ya samaki ikawa inanitoa jikoni mbio. Pendo alikuwa anahangaika. Leo wali, kesho uji wa ulezi, keshokutwa ndizi. Mkwe wangu huyo ana mikono mizuri ya kupika, na mimi niliona aibu kurudisha sahani imejaa. Nikawa nasubiri ageuke, nazunguka nyuma ya jiko, namwaga wali chini ya mwarobaini.

Hivyo ndivyo walivyokuja ndege. Sikuwaita. Nilikuwa naficha chakula.

Kwanza shomoro, maana shomoro hana haya. Halafu tetere wawili, mke na mume, wanatembea kwa adabu kama wanaingia kanisani. Paka wa jirani akaanza kuwavizia, ndipo nikachukua sinia la zamani lililotoboka, nikalitundika kwa waya kwenye tawi la chini la ule mwarobaini. Nikaweka chenga za mchele na pumba, papai likiiva sana na lenyewe, na maji kwenye mfuniko wa ndoo. Nikavuta kiti cha plastiki hadi mlango wa uani. Dripu ya pili ilipopita, kiti kile ndicho kilikuwa shamba langu, soko langu na kanisa langu, kwa sababu zaidi ya pale miguu haikunifikisha.

Wakaja shore wenye vishungi, wanaogombea papai kama abiria wanaogombea mlango. Wakaja kuzumburu, hawa wenye mikia mirefu, wananing'inia kifua mbele, hawana hata aibu. Wakaja vidogo vya rangi ya mbingu, dume lina shavu jekundu kama limepigwa kofi. Jina lake sijapata mtu wa kuniambia, na inaniudhi. Na juu kwenye matawi, mvua ziliponoga, wakaja wana wa mnana, manjano tupu, kelele tupu, wakaanza kusuka.

Mnana nilimwona maisha yangu yote na sikuwahi kumtazama. Mtu mwenye mashamba na watoto hatazami ndege, anawafukuza. Sasa nilikuwa na siku nzima. Dume hukata uzi wa jani la mgomba, hurudi nao, hufunga fundo, husuka hadi nyumba inaning'inia. Akimaliza huning'inia chini yake anapiga mabawa na kuita. Jike huja, huingia, hukagua. Asipopenda huenda zake, na bwana huifumua nyumba yake mwenyewe na kuanza upya. Yule wa tawi la kaskazini alifumua hadi nikamwonea huruma. Nilimwita Mafuru, jina la binamu yangu aliyeoa mara nne.

Wageni nao walikuwa wanakuja. Wamama wa jumuiya, majirani, watu wa Majura wa kazini. Walikuwa na uso mmoja wote, ule wa kuingia msibani. Wanakaa, wananitazama kichwa, wanasema pole, wanamtazama Majura, wanasema pole zaidi. Ndege hawakunipa pole hata siku moja. Shore alikuwa ananitazama kwa jicho moja kuona kama nimeleta papai. Nikichelewa, ananisema. Katika nyumba ile nzima, hao ndio walionitegemea nifanye kitu kesho.

Kulikuwa na korongo pia, nisimsahau. Yule mkubwa wa sokoni, mwenye kipara na mfuko shingoni, anayezurura kwenye vichwa vya samaki. Pendo akitupa utumbo wa samaki, anatua juu ya ukuta, anajikunja kama mzee wa baraza. Mimi kipara, yeye kipara. Nilimwambia Pendo tumepata ndugu, Pendo akacheka hadi akashika mlango. Hicho ndicho kicheko pekee nilichosikia nyumbani mwezi ule.

Dripu ya tatu ndiyo iliyonilaza. Nilitapika hadi hakikubaki kitu, midomo ikachanika, nikabebwa chooni. Naelewa walichokiona. Hata mimi ningekiona kwa mtu mwingine ningeogopa. Lakini mimi nilikuwa ndani ya huo mwili, na kidole changu kila asubuhi kilikuwa kinapima ile ndimu, na ndimu ilikuwa inapungua. Hakuna aliyeniuliza.

Siku za dripu ya nne zilipokaribia, Majura akaja akakaa pembeni ya kitanda, akasema hospitali wamesogeza tarehe, dawa hazijafika. Akasema bora niende Nyakato kwa dada yake Tabu nikapumzike siku chache, maana hapa kuna kelele. Nikaenda. Mtu akidanganywa na mwanawe wa kumzaa hana pa kujishikiza. Tabu alinipokea vizuri, akanikanda miguu, hakunitazama machoni.

Niliporudi, nilishuka kwenye gari nikaona geti limepanuliwa. Nikasema sawa, nyumba ni yake. Nikapita ndani nikiegemea ukuta, moja kwa moja hadi mlango wa uani, maana nilikuwa nimewabebea ndege mtama wa Nyakato kwenye fundo la kanga.

Uani kulikuwa kweupe. Mwarobaini haupo. Ua wa michongoma haupo. Ardhi imesawazishwa kama uwanja wa shule, na pembeni mawe makubwa yamepangwa matatu matatu. Ukutani kuna kuni zimepangwa hadi usawa wa kifua changu, kuni za mwarobaini wangu, zimepasuliwa vizuri. Na kwenye takataka kulikuwa na vile vibanda vya mnana, vingine vimekanyagwa, na vifaranga humo visivyo na manyoya, kama vidole. Wazazi walikuwa bado wanazunguka hewani pale tawi lilipokuwa, wanatafuta mlango.

Majura akasema walimwona nyoka. Akasema ni usafi tu, mama.

Sikiliza. Nyumba ya Majura inapikia gesi, na gesi ikiisha mkaa. Hatujawasha kuni tangu nihamie. Mimi nimepika misiba tangu sijaolewa. Najua uwanja wa kufunga turubai, najua geti la kupitisha gari lenye jeneza, na najua kuni za chai ya jioni na kuni za masufuria ya waombolezaji. Nilisimama pale nikazihesabu zile kuni kwa macho na nikajua hata watu wangapi wametarajiwa. Walikuwa wameniandalia msiba mkubwa. Kwa jambo hilo peke yake naweza kuwashukuru.

Nilirudi kitandani. Hasira ilikuwa kubwa kuliko mdomo. Jioni simu yangu ikaita, ni Zuhura. Aliuliza mbona sikuja kliniki, kiti changu kilikuwa kitupu, Nesi Leokadia kaita jina langu mara mbili. Nikamwambia tarehe imesogezwa, dawa hazikufika.

"Mimi dawa yenyewe ninayo mwilini hivi natapika, wewe unaniambia haikufika?" akasema. Halafu akashusha sauti. "Dada Perusi, wamekutoa kwenye hesabu."

Wenzangu, lile neno ndilo lililonitoa kitandani.

Kesho yake akaja shemeji yangu Manyama kutoka Majita, mdogo wake marehemu mume wangu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniambia nimekonda lakini uso una nuru. Baada ya chakula wakakaa sebuleni, Manyama, Majura, na Tabu aliyekuwa amefika kutoka Nyakato. Pendo akaambiwa aniweke kwenye kiti karibu, maana jambo linanihusu. Manyama akaanza mbali, mvua, muhogo, ng'ombe wa fulani. Akafika kwenye hewa ya Majita. Akasema nyumbani ni nyumbani, mgonjwa akivuta hewa ya kwao anapata nguvu, na yeye gari ameshapata.

Hakuna mtu wa kwetu asiyeijua hewa hiyo. Mtu akionekana amefika mwisho, hupelekwa kwao akiwa bado anaweza kukaa kwenye kiti, kwa sababu akishafariki anahitaji gari lake, na jeneza, na vibali. Ni hesabu, siyo hewa. Nimeshiriki kuwasafirisha wengine kwa hewa hiyo. Sikujua inavyonukia ukiwa kwenye kile kiti.

Korongo alikuwa ametua ukutani, anaonekana dirishani. Manyama akamwinamia Majura, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yule ameshajua. Walidhani dawa imeniingia hadi masikioni.

Nikaomba fimbo. Nikasimama. Nikauliza zile kuni ni za nini.

Majura akasema, "Ni za kupikia, mama."

"Za kupikia nini?"

Akatazama miguu yake. Tabu akaanza kulia, na mama yake hajafa.

"Majura, kule kliniki dripu ya nne ilikuwa lini?"

"Mama, ulikuwa unateseka," akasema. "Tulikuwa tunakuonea huruma. Ulivyokuwa unatapika ile mara ya mwisho, mimi nikasema basi. Nikasema mama yangu asife akiwa anatapika."

"Ile ilikuwa dawa. Mlikaa mkaangalia dawa inafanya kazi, mkadhani ni kifo. Nani kati yenu aliniuliza uvimbe ukoje?"

Manyama akasema shemeji tuongee taratibu, haya ni mambo ya wanaume wa ukoo. Nikamgeukia. Nikamwambia hata mnana hapo nje, mnana mwenye ubongo kama punje ya mtama, akijenga nyumba anamwita mkewe aikague kwanza. "Nyinyi mmenichagulia kaburi hata kulikagua sijalikagua. Korongo uliyemwona anasubiri utumbo wa samaki. Wewe shemeji unasubiri nini?"

Akageukia dirishani. Mimi kwa kweli sikujua nitafika wapi baada ya hapo, maana sikuwa na nguvu ya kufika hata getini. Wakati huo Pendo, mkwe, siyo mtoto wangu, mkwe, akaingia chumbani kwangu, akatoka na viatu vyangu na kadi ya hospitali. Akapiga magoti akanivalisha viatu mbele yao wote. Akamwambia mumewe kwamba bajaji iko njiani. Majura akasema, "Pendo," akaishia hapo.

Haikuwa siku yangu ya kliniki, lakini Nesi Leokadia aliponiona hakuuliza maswali mengi. Akasema, "Bibi, nilikuita," na akaniweka kwenye foleni. Tulikaa hadi benchi likaisha watu. Tulipoingia kwa Daktari Kulwa, alianza vizuri, akaniamkia, halafu akamgeukia Pendo, akaanza kusema, hali ya mama ni kwamba...

Nikamwambia, "Daktari, mwanangu, geuza kiti. Mwenye titi ni mimi."

Akacheka kidogo kwa aibu, kisha akakigeuza. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, mtu mwenye karatasi zangu alinitazama machoni. Akaniambia ni saratani. Nikamwambia hilo najua, endelea. Akasema uvimbe umepungua sana, dawa inafanya kazi, lakini kuruka dripu ni hatari, nisirudie. Zikiisha nitapasuliwa, ziwa litaondolewa, baadaye mionzi. Nikamuuliza kama nitapona. Akasema wengi kama mimi hupona, na wengine ugonjwa hurudi, na yeye hajui mimi nitakuwa upande gani. Hilo la mwisho lilikuwa chungu kuliko dawa. Lakini lilikuwa langu. Nililibeba mwenyewe hadi nyumbani, na wala halikunizidi uzito.

Manyama alikuwa ameondoka. Majura alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alilia, nikamwacha alie, alikuwa na sababu. Kisha akainuka akataka aziondoe zile kuni usiku ule ule, akazitupe, asizione tena. Nikamkataza. Nikamwambia nipe sinia langu. Nikaliweka juu ya zile kuni, nikamimina mtama wa Nyakato, nikaenda kulala.

Asubuhi tetere walikuwepo. Shore nao wakaja siku iliyofuata, wananisema kwa kuchelewa. Vidogo vya shavu jekundu vikagundua kuna wadudu katikati ya magogo. Dripu ya nne, ya tano, ya sita, nilizipokea nikirudi kwenye kiti kile kile, natazama ndege wanakula juu ya kuni za msiba wangu. Mgeni akija na uso wake wa pole, nilikuwa namwonyesha: zile ni zangu, nilipasuliwa kuni za msiba nikiwa hai. Wengine walicheka. Wengine hawakurudi, na sikuwakumbuka. Mnana hawakuja. Hakuna pa kufunga uzi. Kila msimu wa mvua hilo linanichoma upya na sitaki mtu aniambie ni ndege tu.

Nilipasuliwa masika. Upande wa kushoto sasa ni bapa kama wa mtoto, na mkono ule huvimba nikibeba ndoo, kwa hiyo sibebi. Mionzi ilinichubua ngozi kama ya kuungua na chai. Nywele zimerudi, nyeupe zote, laini kama za mtoto mchanga. Samaki nakula. Daktari Kulwa ananipima kila baada ya muda, na akiniita anageuza kiti kabla sijasema.

Bi Zuhura hakupona. Nalisema wazi kwa sababu najua mnaosoma mlikuwa mnangoja nimtaje. Ugonjwa ulimrudi kwenye mifupa. Aliambiwa wa kwanza, yeye mwenyewe, na binti yake Salma akiwa ameshika mkono wake. Nilikwenda kumwona Mkuyuni, nikamkuta kitandani amezungukwa na vitenge kama dukani. Alikuwa amemwambia Salma nani atamwosha na nani asimguse. Jirani mmoja waliyegombana naye miaka mingi alikuwa amemwita wakasameheana, halafu wakagombana tena kidogo. Alicheka akinisimulia. Akauliza habari za ndege, akauliza na za korongo, akasema nimsalimie.

Alifariki wiki iliyofuata. Nilikaa na wanawake pale kwao, nikasaidia kupepeta mchele, na Salma hakuwa na jambo hata moja la kukisia. Kila kitu mama yake alikuwa amekisema. Wanawake wakawa wanalia, lakini hakuna aliyekuwa ananong'ona.

Nikarudi Buswelu na kitu kimenikaa kifuani, upande ule usio na ziwa. Mimi niliyedanganywa nimepona, na yeye aliyeambiwa kweli amekufa. Watu watachukua hilo waseme, unaona, kuambiwa kunaua. Nasema hapana. Ukweli haukumwua Zuhura, wala uongo haukuniponya mimi; uongo ulinikosesha dripu. Lakini ukiniuliza kati yetu sisi wawili nani alitendewa kama mtu, nitakutajia yeye.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia Pendo aweke chai uani, nikamwita Majura, nikampigia simu Tabu aje. Nikawaambia nataka kusema habari za kuzikwa kwangu. Majura akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama, mambo hayo ya nini tena, si umeshapona?"

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Mlipodhani nakufa hamkuniuliza. Sasa mnaweza kuniuliza."

Tabu akafungua mdomo, Pendo akamgusa goti. Majura akawa anatazama shore kwenye sinia. Kisha akavuta kiti chake, akakigeuza kikanielekea, akakaa.

"Haya, mama," akasema. "Unataka iwe wapi?"

Jibu nilikuwa nalo siku nyingi. Nikanywa chai yangu kwanza.